Hilo duara jeupe kwenye marumaru si uchafu, wacha kulisugua

Kama umewahi kuacha glasi ya juisi ya ndimu kwenye kaunta ya marumaru usiku, asubuhi ukaiinua na kukuta duara jeupe lisilotoka, tulia. Weka sponji chini. Na ile dawa ya choo unayoiendea bafuni, iache huko huko. Najua vile hadithi hii huisha, kwa sababu mimi ilinitoka Sh14,000.

Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, na kama wengi wetu nikaingia kwa vibarua. Kimoja kilikuwa cha kusafisha nyumba zinazokodishwa kwa wageni wa siku mbili tatu, mitaa ya Kilimani. Nililipwa Sh1,200 kwa nyumba. Wageni wanatoka saa nne asubuhi, wengine wanaingia saa nane mchana, na katikati hapo ni mimi na ndoo yangu.

Jumapili moja nikaingia bafuni na kukuta maduara mawili kwenye kaunta nyeupe ya marumaru, kando ya sinki. Sherehe ilikuwa imefanyika. Tekila, chumvi, vipande vya ndimu kila mahali. Nikasugua kwa sabuni, wapi. Nikaleta siki, kwa sababu kuna video niliona ikisema siki inasafisha kila kitu chini ya jua. Maduara yakazidi kuwa meupe. Sasa nimeshikwa na hasira na saa nane inakaribia, nikachukua dawa ya choo, ile nzito ya buluu, nikamwaga juu yake.

Ikachemka. Povu likapanda. Nami nikafurahi, nikajiambia sasa uchafu unang'oka.

Kumbe kilichokuwa kinang'oka ni kaunta yenyewe.

Nilipopangusa, palipokuwa na maduara mawili palikuwa na kiraka kimoja ukubwa wa sahani, hakina mng'ao, ukikipapasa ni kama chaki. Mwenye nyumba alinipigia simu kabla sijafika steji. Hakunifuta kazi siku hiyo, ila aliita fundi wa mawe na akasema bili itatoka kwa malipo yangu. Piga hesabu mwenyewe: karibu nyumba kumi na mbili nilisafisha bure.

Fundi alipokuja, niliomba nibaki nimwangalie. Kama ni ganji yangu inalipa, angalau nipate somo. Mzee wa watu alikuwa mpole, na mengi ninayokuambia hapa nilianza kuyasikia kwake, mengine nikayatafuta baadaye.

Jambo la kwanza alilonieleza ni kwamba marumaru ni ndugu ya chokaa. Ni mawe ya chokaa yaliyobanwa na kupikwa na joto chini ya ardhi kwa miaka isiyohesabika. Hata ile inayochimbwa hapa kwetu Kajiado ni hivyo. Kwa sehemu kubwa ndani yake ni kalisiamu kaboneti, kitu kile kile kilicho kwenye ganda la yai, kwenye makombe ya baharini na kwenye mawe ya matumbawe yaliyojengea nyumba za zamani za Lamu. Asidi ikigusa kitu hicho, jiwe linageuka kuwa chumvi inayooshwa na maji, na gesi ya kaboni dioksidi. Lile povu lililonifurahisha ndilo hiyo gesi, ile ile inayofanya soda ichemke ukiifungua. Dawa nyingi za choo zina asidi ya haidrokloriki ndani, na hiyo haina mchezo.

Usiponiamini, weka yai bichi kwenye kikombe cha siki. Litaanza kutoa viputo. Baada ya siku moja au mbili ganda limeisha, umebaki na yai laini kama puto. Sasa fikiria kaunta ya watu.

Kwa hivyo, tuelewane: kuna doa na kuna kuliwa. Haya ni mambo mawili tofauti, na watu wengi huharibu jiwe kwa kuyachanganya. Doa ni kitu kilichoingia ndani ya jiwe, kwa mfano mafuta, kahawa au mchuzi, na kwa kawaida huonekana jeusi zaidi au lina rangi yake. Kuliwa hakujaongeza kitu, kumepunguza. Mng'ao umeondoka, pamebaki peupe na pamefifia. Ili kujua ni gani, inama macho yawe usawa wa kaunta, utazame kuelekea dirishani. Kama mwanga unakatika hapo na kidole kinahisi ukavu, jiwe limeliwa. Hakuna sabuni duniani itakayorudisha kilichokwisha kuyeyuka.

Doa, angalau, huvutwa. Kama ni la mafuta, chukua magadi meupe ya dukani, yale mathe hutumia kulainisha maharagwe, changanya na maji kidogo yawe uji mzito, paka juu ya doa, funika kwa karatasi ya plastiki na uibane kingo kwa selotepu. Acha siku nzima, kisha ondoa plastiki uji ukauke. Unapokauka unanyonya mafuta kutoka kwenye jiwe. Wakati mwingine inabidi urudie mara mbili tatu. Usidhani ni ushamba huo. Kule Agra, India, kuta za Taj Mahal husafishwa kwa kupakwa udongo laini unaoitwa multani mitti, unaachwa ukauke, kisha unaoshwa pamoja na uchafu uliovutwa. Na huko pia vita ni ya asidi: mwaka wa 1996 Mahakama ya Juu ya India iliamuru viwanda vilivyozunguka eneo hilo viache kutumia makaa ya mawe au vihame, maana moshi wake ulikuwa unachangia mvua yenye asidi na kuharibu marumaru ile.

Sasa rudi jikoni kwako. Ni nini hula marumaru? Ndimu na siki umeshajua. Kwenye kipimo cha pH, maji safi ni 7, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi. Ndimu iko kwenye 2 hivi, siki na soda za kola 2.5 hivi, nyanya karibu 4. Ongeza divai, ukwaju, maziwa lala, juisi ya chungwa. Kwa lugha rahisi, kachumbari ni adui. Ukikatakata nyanya moja kwa moja juu ya marumaru na kukamulia ndimu hapo hapo, hiyo nyama choma itakugharimu.

Bafuni kuna adui mwingine ambaye hatumsemi. Serumu za uso zenye vitamini C, na zile losheni za asidi ya glikoliki mnazopaka kila usiku ili ngozi ing'ae. Chupa ikivuja chini, ngozi inang'aa na kaunta inafifia.

Kinga yenyewe si ngumu, ni tabia tu. Ubao wa kukatia uwe daima kati ya chakula na jiwe. Glasi ziwe na visahani vyake, na chupa za vipodozi zikae kwenye trei. Kitu kikimwagika usikipanguse kwa kukisambaza kaunta nzima. Bonyeza kitambaa juu yake kinyonye, kisha osha kwa maji mengi na ukaushe. Fanya hivyo saa hiyo hiyo, usingoje mechi iishe. Kwenye marumaru inayong'aa sana, dakika chache za ndimu zinatosha kuacha alama.

Kuosha kila siku, tumia maji ya vuguvugu, tone la sabuni ya vyombo na kitambaa laini. Suuza vizuri, maana sabuni ikikaukia hapo nayo inafifisha. Harufu ya ndimu kwenye sabuni si lazima iwe shida, ila geuza chupa usome: ukiona asidi ya sitriki au asidi nyingine yoyote kwenye viungo, hiyo ni ya kwingine. Waya wa sufuria usiusogeze karibu, marumaru ni jiwe laini na litakwaruzika. Na hii si ya marumaru tu, ni ya maisha yako: usichanganye dawa ya choo na ile ya klorini ya kufulia nguo nyeupe. Zikikutana hutoa gesi ya klorini, na bafu la keja ni dogo kuliko unavyodhani.

Kuna kitu utauziwa kinaitwa sila. Ni dawa ya kupaka inayoziba vinyweleo vya jiwe. Ni nzuri, inapunguza kasi ya mafuta na kahawa kuingia. Lakini muuzaji akikuambia inazuia ndimu, huyo anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Asidi haihitaji kuingia ndani, inakula uso wa juu kabisa, na sila ya kawaida haiuzuilii hapo.

Labda unasema, mimi naishi bedsita, marumaru nitaitoa wapi? Angalia sakafu. Kama ni terazo, ile ya vipande vya mawe ndani ya simiti iliyosagwa ikang'aa, mara nyingi vipande hivyo ni marumaru, na simiti yenyewe pia huliwa na asidi. Wapangaji wengi humwaga dawa ya choo kwenye sakafu hiyo siku ya kuhama ili "itoke safi", halafu wanashangaa depositi haijarudi yote. Piga picha za sakafu na kaunta siku unapoingia, na pia siku unapotoka.

Kaunta nyingi nilizosafisha zilikuwa graniti, ambayo haibabaishwi na ndimu. Kutofautisha ni rahisi. Chagua kona iliyofichika, weka tone moja la ndimu, hesabu dakika tano, panguza. Pakififia ni marumaru au ndugu yake. Fanya pahali pasipoonekana, tafadhali, maana kipimo chenyewe kinaacha alama.

Tukija kwa marekebisho: kama alama ni nyepesi, unaiona lakini kidole hakiihisi, unaweza kujaribu mwenyewe. Tafuta poda ya kung'arishia marumaru kwenye maduka ya wauza mawe, Industrial Area zipo. Vaa glavu, maana baadhi zina asidi ya oksaliki, na fungua dirisha. Jaribu kwanza kwenye kona. Weka poda kidogo na maji, sugua kwa kitambaa kizito chenye unyevu kwa mzunguko na kwa nguvu, usiache ikauke, kisha suuza. Utachoka mkono kabla ya kuona tofauti, usikate tamaa mapema. Ila kama marumaru yako haikuwa inang'aa tangu mwanzo, ile iliyoachwa ya kufifia makusudi, usiiguse kwa poda hiyo. Utabaki na kidoa kinachong'aa katikati ya jiwe lisilong'aa, na hapo umebadilisha shida moja kwa nyingine.

Kiraka changu hakikuwa cha poda. Mzee alianza na pedi ya almasi kwenye grainda, ya namba ndogo, mimi nikimwaga maji polepole ili vumbi lisipande na jiwe lisipate joto. Kutoka 400 akaenda 800, kisha 1500, kisha 3000. Kila namba inafuta mikwaruzo ya ile iliyotangulia, na ukiruka moja kwa haraka zako, mikwaruzo inakungoja mwishoni chini ya mng'ao. Hakusaga kiraka peke yake. Alipanua hadi karibu nusu ya kaunta, kidogo kidogo kuelekea kingo, ili pasibaki shimo. Poda ikaja mwisho kabisa. Kazi ilichukua saa nne. Ikarudi kung'aa, lakini jua la jioni likiingia dirishani na ukijua pa kuangalia, bado utaona pameinama kidogo.

Alipokuwa akipanga vyombo vyake akaniuliza ile dawa niliipata wapi. Nikamwambia ilikuwa kwenye kabati la nyumba hiyo hiyo, imenunuliwa na mwenyewe, na ndiyo dawa pekee niliyowahi kuachiwa bafuni. Akacheka bila furaha. Akasema nyumba nyingi anazoitwa kurekebisha ni hivyo: bosi ananunua dawa kali zaidi dukani, dada wa kazi anaambiwa asugue mpaka ing'ae, jiwe linaliwa, na mshahara wa dada ndio unakatwa. Kama kwenu kuna dada, na kuna kaunta nyeupe, nenda leo ukaangalie kile mlichomwekea chini ya sinki.

Mwenye nyumba yule aliniita mara nyingine tatu, kisha akapata mtu mwingine. Mzee ana namba yangu. Jumamosi akiwa na kazi kubwa hunipigia, na mimi ndiye wa kumwaga maji.