Moshi wa dizeli: Somo la mgodini kwa wanaovuka mipaka

KAMPALA. Wagonjwa wanaopanda mlima wa Mulago kufuata matibabu ya saratani si Waganda pekee. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1967, ndiyo kituo cha umahiri cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa maradhi hayo, na hupokea pia watu kutoka nchi jirani. Chini ya mlima, kwenye mzunguko wa Mulago, magari ya dizeli hupita yakitema moshi mweusi.

Uhusiano wa mambo hayo mawili si wa kubahatisha. Juni 2012, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa moshi wa dizeli unasababisha saratani ya mapafu. Ushahidi mzito ulitoka migodini. Nchini Marekani, watafiti walifuatilia wafanyakazi 12,315 wa migodi 8 na kubaini kuwa waliovuta moshi huo kwa wingi chini ya ardhi walikuwa katika hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu karibu mara 3 zaidi ya waliouvuta kidogo.

Mgodini moshi hauna pa kwenda. Ndiyo maana Marekani iliweka kikomo cha mikrogramu 160 za kaboni kwa kila mita ya ujazo ya hewa chini ya ardhi, na wenye migodi wakalazimika kutafuta vichujio vya kufunga kwenye mabomba ya moshi ya mitambo yao.

Kichujio kinachotumika sana ni cha kauri, chenye vijitundu vingi mithili ya sega la nyuki. Moshi hulazimishwa kupenya kuta zake, masizi yakabaki ndani. Bomba likipata joto la kutosha, masizi huungua na kichujio hujisafisha. Mtambo unaofanya kazi nyepesi haufikishi joto hilo. Kichujio huziba, injini ikakosa pumzi na kula mafuta zaidi.

Kwa hiyo wanaopima vichujio hawaishii kwenye kiasi cha masizi yaliyonaswa. Hupima pia msukumo wa moshi unaorudi kwenye injini, na gesi zinazotoka. Baadhi ya vichujio vilivyopakwa platinamu huondoa masizi vizuri lakini huongeza gesi ya naitrojeni dioksaidi, ambayo ni sumu kwa mapafu. Kifaa kinachofaa barabarani huweza kuwa hatari mgodini.

Suala hili linamgusa mfanyabiashara wa mpakani kwa sababu migodi ya kanda ni wateja wake. Bulyanhulu nchini Tanzania na Kibali nchini Kongo huchimba dhahabu chini ya ardhi, na mitambo, spea na mafuta yao husafiri katika barabara anazozitumia yeye.

Januari 2015, kiwango cha Jumuiya kilianza kutaka dizeli isizidi sehemu 50 za salfa kwa milioni. Kiwango hicho kina maana kubwa, kwani salfa nyingi huharibu vichujio vilivyopakwa madini. Anayepitisha mafuta ya magendo au yaliyochanganywa huua kifaa kinachogharimu fedha nyingi, na mwisho wake ni mapafu ya mtu.

Anayenunua lori au mtambo uliotumika ana kipimo kimoja rahisi. Injini ikiwa imezimwa na bomba limepoa, apitishe kitambaa cheupe ndani ya mdomo wa bomba. Kitambaa kikitoka na masizi mazito ilhali muuzaji anadai kichujio kipo, basi huenda kimepasuka au kimetobolewa ili kukwepa gharama ya kukisafisha. Aulize pia kilitengenezwa kwa injini ya ukubwa gani na kwa kazi ya aina gani.

Kwenye foleni za Malaba, Busia na Mutukula, ambako wachuuzi hupita kati ya malori yanayonguruma, kuna hatua isiyohitaji kichujio wala fedha: dereva kuzima injini anaposubiri. Huokoa mafuta, na humwokoa mama anayeuza chakula kando ya tairi, ambaye hukaa hapo siku nzima na kesho yake hurudi.