Gemu ya kupakua ni nyumba bila ardhi

Kila mwaka ukielekea kwisha, simu yangu haipoi. Binamu yuko Kisauni, mtoto wa shangazi yuko Malindi, na kuna jirani wa zamani aliyehamia Maskati ambaye ataka kuwaletea wanawe zawadi akija likizo. Wote waniuliza jambo moja: wewe ndugu yetu ukaaye Nairobi, jirani na Kenyatta Market, na mwenye wazimu wa gemu, tununue PlayStation ya kutia sidii au ile isiyo na tundu?

Swali lao lina maana, kwa sababu isiyo na tundu ni rahisi. Sony ilipotoa PlayStation 5 mwezi wa Novemba 2020, kule Marekani yenye tundu la diski ilikuwa dola 499 na isiyo nalo dola 399. Ndani zote mbili zina nguvu sawa na picha ni ileile. Mzazi akiona hivyo hujiuliza, hizi dola mia nalipia tundu tu? Huwajibu kwamba ndiyo, lipia tundu, na hapo ndipo wanapotaka sababu. Sababu zenyewe ni refu kwa simu, basi naziandika hapa.

Kwanza niwapeleke sokoni. Asiyeijua Kenyatta Market, ni soko la upande wa magharibi wa Nairobi, karibu na barabara ya Mbagathi na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, mitaa ya Golf Course na Ngumo ikilizunguka na Kibera haiko mbali. Watu hulijua kwa mambo mawili: nyama choma, na wasusi ambao ukipita tu, hata kama wewe ni mwanamume mwenye upara, watakuuliza wakusuke mtindo gani. Sisi wengine twalijua kwa jambo la tatu. Sokoni humo na katika vichochoro vya mitaa jirani, kama ilivyo kila mtaa wa Kenya kutoka Likoni hadi Kisumu, kuna vyumba vidogo vya gemu: televisheni, mashine, padi mbili, benchi, na vijana wanaongoja zamu. Wacheza mpira, anayefungwa aondoka, mshindi abaki. Mwenye chumba akaa mlangoni akihesabu sarafu.

Ukiangalia vizuri, utaona vyumba hivi haviendeshwi na mtandao. Vyaendeshwa na diski. Mashine nyingi ni za zamani, na gemu iliyomo yaweza kuwa FIFA ya miaka mingi nyuma, yenye wachezaji waliokwisha kustaafu. Hakuna anayejali. FIFA 23 ndiyo ya mwisho kuitwa kwa jina hilo, maana kampuni ya EA iliachana na shirikisho la FIFA na kuanzia 2023 gemu yao yaitwa EA Sports FC. Vijana bado wasema FIFA, na diski ya zamani bado yaingia kwenye tundu, yazunguka, na mechi yaanza. Haiombi ruhusa kwa mtu.

Hilo ndilo ninalotaka lieleweke. Diski ni mali kama sufuria ilivyo mali. Waweza kuiazima kwa jirani, kuiweka rehani, kumpa mdogo wako ukichoka nayo, au kuipeleka kibandani uongeze pesa kidogo upewe nyingine. Kijana mmoja mwenye diski tatu na rafiki wawili wenye tatu tatu, hao wana gemu tisa. Diski za mtumba huuzwa tena na tena, na kila mwisho wa Septemba toleo jipya la mpira likitoka, la mwaka jana hushuka bei ghafla. Kwa mtu asiye na haraka, huo ndio wakati wa kununua. Mimi sijanunua gemu ya mpira siku ya kutoka kwake tangu nianze kujilipia kodi, na sioni nilichokosa zaidi ya jezi mpya.

Gemu ya kupakua ni jambo jingine, na watu wa Pwani hatuhitaji kufunzwa sana kulielewa. Sote twaijua nyumba bila ardhi. Mtu ajenga nyumba yake Majengo, kuta ni zake, paa ni lake, milango kaichonga kwa pesa zake, lakini kiwanja ni cha mwingine na kila mwezi hulipwa kodi ya ardhi. Aishi miaka arobaini, azae na kujukuu, na siku mwenye ardhi akiamua kuuza, ndipo ajua kwamba alichomiliki ni matofali. Gemu ya kupakua imejengwa hivyohivyo. Walipa bei kamili, mara nyingine zaidi ya bei ya diski, nawe wapewa leseni ya kuitumia chini ya akaunti yako, kwenye seva za kampuni, kwa masharti ya kampuni. Huwezi kuiuza, huwezi kuiazima kama kitu, na akaunti ikifungwa vyote vilivyo chini yake vyafungwa.

Hili si siri wala si fitina yangu. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2024, ikaanza kazi tarehe 1 Januari 2025, inayowazuia wauzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia neno «nunua» bila kumwambia mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni. Sheria yenyewe haikumpa mteja umiliki. Imetaka tu asidanganywe na kitufe. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, yasema mnunuzi ana haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu bidhaa aliyonunua. Kwa maoni yangu haki hiyo yafaa ifike hadi kwenye kibanda cha gemu.

Sasa, Mmarekani akipakua gemu, angalau akaunti yake ni ya kweli. Yetu sisi hata hiyo si ya kweli. Mtandao wa PlayStation, ule unaohitaji akaunti ili upakue au ucheze na watu wa mbali, hauna Kenya katika orodha ya nchi zake. Ukifungua akaunti wachagua Uingereza, au Marekani, au Afrika Kusini, au Umoja wa Falme za Kiarabu kama una jamaa Dubai, nawe waandika anwani usiyokaa. Masharti uliyokubali yasema utoe habari za kweli. Kwa hiyo kijana wa Ngumo aliyejaza gemu kumi kwenye akaunti ya «London» ana nyumba bila ardhi, na hata jina alilompa mwenye ardhi si sahihi.

Mara nyingi hakuna anayemsumbua, ni kweli. Lakini nchi uliyochagua huwezi kuibadilisha baadaye. Kadi ya benki ya Kenya mara nyingi hukataliwa, basi wanunua kadi za zawadi, na kadi ya dola haiingii kwenye akaunti ya pauni. Hata mwenye diski humgusa kidogo: diski ya PlayStation 4 au 5 kutoka nchi yoyote itacheza kwenye mashine yako, lakini nyongeza za kununua mtandaoni hufuata eneo la diski. Ukiletewa diski kutoka Dubai huku akaunti yako ni ya Marekani, gemu itacheza na nyongeza huenda zikagoma. Jirani wa Maskati, hili lakuhusu.

Mwezi wa Mei 2024 tuliona jinsi nchi zisizo kwenye orodha zinavyohesabiwa. Sony ilitaka wachezaji wa Helldivers 2 wanaotumia kompyuta wafungue akaunti ya PlayStation, na gemu ikaondolewa kwenye duka la Steam katika nchi zaidi ya 170 ambako akaunti hiyo haipatikani. Wachezaji walipiga kelele dunia nzima, Sony ikarudi nyuma na kufuta sharti lake katika siku chache. Kelele zilisaidia. Sisi peke yetu hatungesikika.

Nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Sokoni na mitandaoni kuna wanaouza gemu za kupakua kwa bei ambayo haiwezekani, theluthi ya bei ya duka, wakati mwingine chini ya hapo. Wapeleka mashine, muuzaji aingiza akaunti yake, apakua, akwambia cheza kwa jina lako. Nawe wacheza kweli. Kijana wa jirani yangu, aliyekusanya pesa zake kwa kuosha magari wikendi, alinunuliwa hivyo gemu mbili. Baada ya miezi michache alifungua mashine akakuta alama ya kufuli juu ya zote mbili. Alirudi kwa muuzaji, akaambiwa ni mambo ya kampuni, anunue tena.

Si mambo ya kampuni. Huu ndio utaratibu wake. Kila akaunti huruhusiwa kuifanya mashine moja kuwa nyumbani kwake, na kwenye mashine hiyo mtu yeyote hucheza gemu za akaunti hiyo, hata bila mtandao. Mwenye akaunti mwenyewe aweza pia kuingia kwenye mashine nyingine na kucheza, ila huko lazima mtandao uwepo. Kampuni iliweka hivyo kwa ajili ya baba, mama na watoto wa nyumba moja. Muuzaji hugawa: mtu mmoja auziwa nafasi ya nyumbani, mwingine nafasi ya ugenini, wote kwa akaunti moja aliyoilipia mara moja. Na kuna kitufe kwenye tovuti kinachoondoa mashine zote kwa mpigo, kinachoruhusiwa mara moja kila miezi sita. Akikibonyeza, ile nafasi ya nyumbani iko huru kuuzwa kwa mwingine. Wewe wabaki na kufuli.

Kwa hiyo ukiuziwa gemu ya kupakua, uliza akaunti ni ya nani, na barua pepe ni ya nani. Kama si yako, hukununua kitu. Kuna na jaribio dogo: zima Wi-Fi ukiwa bado pale kibandani, fungua gemu kwa jina lako. Isipofunguka, umepewa nafasi ya ugenini. Ikifunguka, ni ya nyumbani, lakini ufunguo bado uko mfukoni mwa muuzaji.

Nisiwafanye mwamini kwamba diski ni malaika. Kuna gemu za diski ambazo diski yake ni kama tiketi tu. Ubisoft walitoa The Crew, gemu ya magari, mwaka 2014, na ilihitaji mtandao hata ukicheza peke yako. Tarehe 31 Machi 2024 walizima seva, na diski zote duniani zikawa vioo vya kutishia kunguru. Hasira hiyo ndiyo iliyozaa kampeni ya Stop Killing Games, na ombi lake kwa Umoja wa Ulaya lilipita saini milioni moja mwaka 2025. Nintendo nao, kwa Switch 2, wana kadi zisizo na gemu ndani. Wachomeka kadi halafu bado wapakua gemu yote. Kwa hiyo soma kasha kabla ya kulipa. Likisema mtandao ni lazima, hiyo bei ya diski inakudanganya.

Na katika gemu za mpira kuna ile Ultimate Team, ambako mtoto hulipa pesa halisi afungue pakiti asiyojua ina mchezaji gani. Ubelgiji iliihesabu kuwa kamari mwaka 2018, na EA wakaacha kuuza pointi hizo huko mwanzoni mwa 2019. Mimi nawaunga mkono Wabelgiji. Timu hiyo, hata ukiijenga kwa maelfu, haihamii kwenye toleo la mwaka unaofuata. Mzazi, ondoa kadi yako kwenye mashine.

Kuhusu bando sitasema mengi. Gemu kubwa za leo huzidi gigabaiti 50, nyingine hupita 100. Mwenye intaneti ya nyumbani Golf Course hupakua usiku akilala. Wa Faza au Kipini anayetegemea bando la simu, na apige hesabu mwenyewe.

Waliokwisha kununua isiyo na tundu bado wana njia, ikiwa mashine yao ni ile nyembamba iliyotoka mwishoni mwa 2023 au ya Pro ya 2024. Hizo zakubali kisoma diski kinachouzwa peke yake, wachomeka ubavuni, na mara ya kwanza mashine yahitaji mtandao ili ikisajili. Kimoja husajiliwa na mashine moja kwa wakati, basi ukinunua cha mtumba, mwombe muuzaji akijaribu kwenye mashine yako hapohapo. Ile isiyo na tundu ya 2020 haina pa kukichomeka.