Kinyonga Anapobalehe: Kutotulia Kwake Kuna Maana

Mvua za vuli zinaponyesha Mwanza na vichaka vya vilimani kujaa wadudu, watoto wa Mirongo hupanda mawe na kurejea nyumbani wakiwa na vijiti ambavyo juu yake wamekaa vinyonga. Wengi huwaachia jioni hiyo hiyo. Wachache huamua kuwafuga, na hapo ndipo mzozo wa nyumbani unapoanza, kwani kwa familia nyingi kinyonga si mnyama apendwaye. Wako wasemao kuwa mate yake ni sumu, na wako waonao kuwa kukutana naye njiani ni nuksi ya siku nzima.

Yafaa tuseme mapema kuwa kinyonga hana sumu, si katika mate wala katika meno. Akiuma huminya tu, kama kibanio cha nguo. Lililo muhimu kwa mtoto ni kunawa mikono kwa sabuni kila amshikapo, kwa kuwa wanyama wa jamii ya mijusi huweza kubeba vijidudu viletavyo maradhi ya kuhara. Ama wale vijana wanaomtia ugoro mdomoni ili wamtazame akigeuka rangi, hao wanamtesa kiumbe asiyeweza hata kupiga kelele.

Lakini shabaha ya makala haya ni nyingine. Mara nyingi mtoto hufuga kinyonga mtulivu kwa miezi kadhaa, kisha ghafla mnyama yule yule hashikiki. Huparura wavu kutwa, hupanda na kushuka, hukataa panzi, hufumbua kinywa kwa hasira anaposogelewa. Wenyewe husema ameingiwa na utundu. La hasha. Aghalabu amebalehe tu.

Kinyonga anayeonekana sana katika sehemu nyingi za Tanzania ni yule mwenye vipande viwili vya ngozi nyuma ya kichwa mfano wa masikio, ambaye wataalamu humwita Chamaeleo dilepis. Hutoka yaini akiwa mdogo kuliko kidole cha mtu mzima, na kwa muda wa mwaka mmoja hivi huwa tayari kuzaa. Ujana wake, basi, hupita katika miezi michache. Huko Madagaska yuko mwingine, Furcifer labordi, ambaye maisha yake nje ya yai huweza kuwa ya miezi 4 au 5 tu, na hubalehe kabla ya kutimiza miezi 2. Wetu hana haraka kiasi hicho. Hata hivyo, anayedhani kuwa kinyonga aliyeletwa nyumbani Novemba atakuwa na tabia ile ile Agosti anajidanganya. (Kwa wapenda lugha: mwaka 2006 wataalamu walilipa kundi moja la vinyonga wa milima ya Afrika Mashariki jina la Kinyongia, neno letu wenyewe.)

Dume akibalehe, shina la mkia wake hunenepa na moyo wake hutaka eneo. Kinyonga ni mnyama wa upweke. Akimwona dume mwenziwe, au hata sura yake mwenyewe katika kioo, hujitanua ubavu, husimamisha ngozi za kichwani na kubadilika rangi. Rangi hizo si za kujificha tu, kama tulivyofundishwa utotoni, ni mazungumzo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva, walipowachunguza vinyonga wa Madagaska, walieleza kuwa ndani ya ngozi yao mna fuwele ndogo mno, ambazo mnyama akichafukwa hutengana na kuurudisha mwanga kwa rangi nyingine. Kinyonga aliyekaa mweusi asubuhi yaelekea anaota jua. Aliyekaa mweusi mchana kutwa ndani ya sanduku anasema kuwa hapendi alipo.

Jike ndiye mwenye hatari kubwa zaidi, na kwake kutotulia kwaweza kuwa suala la uhai na mauti.

Katika nyumba moja ya Mirongo, kijana wa miaka kumi na minne alikuwa na jike aliyemlea tangu udogo. Rafiki yake alimleta dume wake wakakae pamoja siku chache, “wasione upweke.” Baada ya majuma kadhaa jike akaanza kuparura chini ya sanduku usiku na mchana. Tumbo lilikuwa limevimba, na kwa pembeni lilionyesha vinundu kama karanga ndani ya mfuko. Kijana alidhani ni shibe. Alimpunguzia chakula, kisha akalifunika sanduku kwa kanga ili atulie. Mama yake alitaka kiumbe hicho kitupwe mtoni.

Bibi wa nyumba hiyo, ambaye maisha yake yote amefuga kuku, ndiye aliyesimama na kutazama kwa makini.

“Mjukuu wangu,” alisema, “kuku akitaka kutaga huzungukaje?”

“Huzunguka-zunguka, bibi. Hutafuta kona.”

“Basi na huyu umemfungia wapi hiyo kona?”

Bibi alinena kweli. Jike wa kinyonga hutaga mayai ardhini, kwa kawaida 25 hadi 50. Hushuka mtini, huchimba shimo kwa mikono yake, hutaga, kisha huyafukia na kuyaacha moja kwa moja. Akikosa udongo huyazuia tumboni, na mayai yaliyozuiliwa huweza kumwua. Sanduku la mbao lenye sakafu tupu ni gereza kwa mnyama wa namna hiyo, na kanga juu yake haimpunguzii uchungu hata kidogo.

Walichofanya ni rahisi. Walijaza ndoo udongo uliochanganywa na mchanga, wenye unyevu wa kutosha kushikamana mkononi, kina chake kikipita urefu wa mnyama mwenyewe. Walimweka humo, wakaiweka ndoo mahali pa faragha, na watoto wakakatazwa kuchungulia. Hili la mwisho ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, maana kinyonga akiona anatazamwa huliacha shimo na kuanza upya.

Kwa siku za kawaida, malezi yake hayana gharama. Maji hanywi bakulini. Hunywa matone yaliyo juu ya majani, hivyo matawi yarashiwe asubuhi na jioni. Jua la asubuhi ni la lazima, kwani pasipo jua na madini ya chokaa mifupa ya kinyonga anayekua hulegea na kupinda. Pawepo na kivuli pia. Wadudu waokotwe majanini, wasiokotwe katika chumba kilichopuliziwa dawa ya mbu. Anapojichuna ngozi, jambo ambalo kijana hulifanya mara kwa mara, asisaidiwe kwa kucha. Wala wawili wasikae sanduku moja.

Hata hivyo, kinyonga si paka. Ni mnyamapori, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali kwa anayekamata wanyama wa aina hiyo. Biashara ya kimataifa ya vinyonga wa kundi hili imewekewa masharti tangu mwaka 1977, na mwaka 2016 Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyama hai kwenda nchi za nje. Mzazi asiungoje mkono wa sheria ili amwambie mwanawe kuwa mgeni aliyekomaa hurudishwa kwao. Arudishwe asubuhi, akiwa ameshiba na kunywa maji, katika kichaka kile kile alikochukuliwa, mbali na barabara. Si katika kilima kingine.

Jike wa Mirongo alitoka shimoni akiwa amekonda na mwenye vumbi, akanywa maji kwa muda mrefu. Walimlisha siku chache, kisha kijana akampandisha mwenyewe mawe ya kilimani. Mayai yaliyomo ndooni yamehamishiwa kona ya ua, polepole na bila kugeuzwa, kwa kuwa huhitaji miezi mingi ardhini kabla ya kuanguliwa. Bibi amepiga marufuku ufagio kupita hapo.