Hewa Inavyobadilika Ndege Ikiwa Ndogo

Ndege inayorushwa kwa rimoti hudharauliwa kirahisi. Mtu mzima akionekana uwanjani ameshika kisanduku chenye vijiti viwili na macho yako mawinguni, wapita njia humhesabu kuwa mtoto aliyechelewa kukua. Chini ya dharau hiyo kuna dhana kwamba ndege ya mfano ni ndege halisi iliyopunguzwa, na kwamba yote ya kujua kuihusu yalikwisha kujulikana na wahandisi wa ndege kubwa. Tuipime dhana hiyo kwa hesabu. Cessna 172, ambayo wanafunzi wengi wa urubani hujifunzia, ina mbawa zenye mita 11 kutoka ncha hadi ncha, na ikijazwa hufikia takriban kilo 1,100. Ukiipunguza mara kumi kila upande, mbawa zinakuwa na mita 1.1, lakini eneo la mbawa linapungua mara 100, na uzito, ukifuata uwiano uleule, unapungua mara 1,000 hadi kilo 1.1 hivi. Kila kipande cha ubawa sasa kinabeba sehemu moja tu ya kumi ya mzigo wake wa awali. Ndege kubwa inahitaji mwendo wa karibu kilomita 90 kwa saa ili ibaki hewani. Mfano wake unatosheka na 28. Wanaoanza huiona hiyo kuwa nafuu, ila inakuja na gharama yake. Kuyumba kwa mfano kunakwenda kwa kasi mara tatu zaidi, kwa hiyo muda alionao rubani wa Cessna wa kusahihisha kosa, mrushaji wa mfano anapewa theluthi yake. Tena yeye amesimama chini, hahisi chochote mwilini, na ndege ikimjia usoni kushoto kwake kunakuwa kulia kwa ndege.

Hayo bado ni ya uzito na ukubwa tu. Kinachobadilika zaidi ni hewa yenyewe. Mwaka 1883 Osborne Reynolds, akichunguza maji yanavyopita kwenye mabomba huko Manchester, alionyesha kwamba tabia ya mtiririko inategemea uwiano mmoja: mwendo, ukubwa na msongamano wa kimiminika kwa upande mmoja, mnato wake kwa upande wa pili. Kwa ubawa wa Cessna angani, namba hiyo ya Reynolds ni zaidi ya milioni 5. Kwa mfano wetu inashuka chini ya 200,000, na kwa vijindege vyepesi zaidi hata 50,000. Hewa ni ileile, lakini kwa ubawa mdogo mnato wake unahesabika zaidi, kama samaki aliyetolewa baharini akatiwa kwenye uji mwepesi. Tabaka jembamba la hewa linalolala juu ya ubawa hutiririka kwa utulivu, na utulivu huo ndio udhaifu wake: halina nguvu ya kuufuata ubawa unapoteremka kuelekea nyuma, basi linabanduka. Hapo nguvu ya kuinua inapungua na ukinzani unaongezeka. Mjerumani F. W. Schmitz, katika kitabu alichokitoa 1942 kuhusu mbawa za ndege za mfano, alionyesha kwamba chini ya kiwango fulani ubawa mnene uliotengenezwa kwa ustadi hushindwa na bamba jembamba lililopindwa kidogo. Alionyesha pia kwamba waya uliotandazwa mbele ya ubawa huivuruga hewa, ikapata nguvu ya kung'ang'ania. Hadi leo wapenzi wa mchezo huu hubandika uzi au utepe wenye meno kama ya msumeno juu ya ubawa kwa sababu hiyo. Mhandisi aliyezoea ndege za abiria, ambazo hata vichwa vya ribiti hulainishwa, angeona ni uharibifu.

Waliolipia kutoujua mpaka huo kati ya ubawa mdogo na mkubwa si wachezaji peke yao. Mwaka 1901 ndugu Wright walijenga handaki dogo la upepo katika duka lao la baiskeli mjini Dayton, wakapima takriban maumbo 200 ya mbawa zilizotosha kushikwa mkononi. Vipimo vilipendelea mbawa nyembamba, nao hawakukosea kuvisoma. Handaki liliwaambia ukweli kuhusu mbawa ndogo, nao wakauchukua kuwa ukweli kuhusu mbawa zote, na wajenzi wengine wa wakati huo wakawa na imani hiyohiyo. Ilichukua hadi Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa ndege za kampuni ya Junkers na vipimo vya maabara ya Göttingen, Ujerumani, ndipo ikakubalika kwamba kwa ndege kubwa ubawa mnene hubeba vizuri na ni imara zaidi.

Mpinzani atasema: basi umejifunga mwenyewe, kama ndogo haifanani na kubwa, kurusha ndogo hakufundishi kitu. Tena shahidi wake ni mzito. Mmarekani Samuel Langley alirusha ndege ya mvuke isiyo na mtu tarehe 6 Mei 1896, ikaenda karibu kilomita moja juu ya mto Potomac. Alipojenga kubwa ya kubeba mtu, ilianguka mtoni mara mbili mwishoni mwa 1903. Wanahistoria wanabishana kama kosa lilikuwa la mtambo wa kuirushia au la fremu iliyokosa uimara. Kwangu mimi mfano huo unathibitisha hoja, hauibomoi. Langley aliumizwa na kuuchukua mfano kama cheti cha ndege kubwa. Elimu ya ndege ndogo ina kazi yake yenyewe, na kwa muda mrefu vyuo viliiacha kwa sababu hakuna jeshi wala shirika la ndege lililoihitaji. Walioihitaji walikuwa wapenzi wa ndege za mfano. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Michael Selig na wenzake walipopima mbawa za mwendo mdogo katika Chuo Kikuu cha Princeton, mbawa za kupimwa zilijengwa na wapenzi hao kwa kujitolea. Kazi ilipohamia Chuo Kikuu cha Illinois, michango yao iliendelea kuisukuma. Useremala tu? Kwa namba hizo za Reynolds kosa dogo kwenye ukingo wa mbele hubadilisha jibu, hivyo mkono unaochonga ni sehemu ya kipimo. Matokeo yake hutumiwa sasa na wabunifu wa droni na wa mitambo midogo ya umeme wa upepo.

Na wapenzi hao hawakuishia kwenye vipimo. Agosti 2003, Maynard Hill, mstaafu wa maabara aliyekuwa na umri wa miaka 77 na macho yaliyofifia, pamoja na wenzake, walirusha kutoka Newfoundland ndege ya mbao za balsa yenye uzito usiozidi kilo 5, karibu nusu yake ikiwa mafuta. Ilitua Ireland baada ya saa 38 na dakika 52, ikiwa imevuka kilomita 3,000 na ushei za Atlantiki. Ndege zilizotangulia zilipotea baharini.

Pingamizi la kisasa lina nguvu zaidi: siku hizi unanunua ndege ya povu ikiwa tayari, ndani yake kuna jairo na kompyuta inayoisawazisha, sayansi iko wapi? Ni kweli mnunuzi anaweza kuruka bila kujua lolote. Lakini jairo husogeza visukani vya mbawa na vya mkia tu. Hewa ikishabanduka kwenye ubawa, haiwezi kuirudisha. Droni zenye mbawa zilizopiga picha za ramani ya Unguja na Pemba kuanzia 2016, na zile zilizoanza kupeleka damu hospitalini nchini Rwanda mwaka huohuo, zina kompyuta bora kuliko hizo, na bado mbawa zao zinaruka katika hewa ileile aliyoipima Schmitz. Mwenye shaka, akishapata kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, arushe ndege moja Mombasa kisha Nairobi, bila kubadilisha kitu. Katika mwinuko wa Nairobi hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15, kwa hiyo mwendo wa chini kabisa wa kubaki angani unapanda kwa karibu asilimia 9, na rafadha nayo inapungukiwa na hewa ya kushika: yaani inazunguka upesi, inasukuma kidogo. Akitua kwa mwendo aliouzoea pwani, ubawa unaweza kuachia kabla magurudumu hayajagusa nyasi.