Fahamu: Kwa nini mama wa mtoto njiti anatakiwa wodini, si mlangoni

Kwa miaka mingi mtoto njiti alipelekwa chumba chake, mama akabaki kitandani kwake akisubiri kuitwa anyonyeshe. Utaratibu huo unabadilika.

Mwaka 1978, mjini Bogotá, Colombia, Dkt. Edgar Rey alikuwa na mashine chache za kuwapa vichanga joto. Akawataka akina mama wawabebe kifuani, ngozi kwa ngozi. Ndiyo asili ya huduma ya kangaruu.

Lakini ilisubiriwa kwanza mtoto atengemae. Utafiti uliochapishwa 2021, uliofanyika Tanzania, Malawi, Ghana, Nigeria na India kwa watoto 3,211 wasiofika kilo 1.8, haukusubiri: mama aliingizwa wodi ya mahututi pamoja na mwanawe. Vifo vya siku 28 za kwanza vilipungua kwa robo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likapendekeza mtoto abebwe saa 8 hadi 24 kwa siku, na familia ishiriki katika matunzo.

Kushiriki si kumtwisha mama kazi ya muuguzi. Muuguzi ndiye anayemfundisha kukamua maziwa, kulisha kwa kikombe, kutambua pumzi iliyobadilika. Mama akiwa ametoka kwenye upasuaji, baba au bibi anaweza kubeba. Kinachokwamisha mara nyingi ni mambo ya kawaida kabisa: kitanda cha mama, chakula chake, choo cha karibu. Hayo nayo ni matibabu, na bajeti ya hospitali iyahesabu hivyo.

Ukijifungua njiti, muulize muuguzi mapema: nianze kumbeba lini?