Simba, Chui na Duma Ndani ya Kompyuta: Jina Linauza, Namba Inalinda

Uzio wa Mbuga ya Taifa ya Ziwa Nakuru unapakana na mitaa ya jiji. Ng'ambo ya uzio huo wapo simba na chui, na wenyeji wanawajua kwa macho yao. Kati ya mwaka 2001 na 2012, kampuni ya Apple ya Marekani iliazima majina ya wanyama hao na jamaa zao, ikayapa matoleo tisa ya mfumo endeshi wa kompyuta zake za Mac: Cheetah, Puma, Jaguar, Panther, Tiger, Leopard, Snow Leopard, Lion na Mountain Lion. Anayetafuta Mac ya mitumba hadi leo anaweza kutajiwa majina hayo kama sifa ya bidhaa. Inafaa basi ajue yalitoka wapi, yanasema nini kuhusu mashine, na yanaficha nini.

Mfumo endeshi ni programu mama. Ndiyo inayoamka kwanza unapowasha kompyuta, ikagawa kumbukumbu, ikalinda mafaili, ikaruhusu au kuzuia programu nyingine. Windows ni mfumo endeshi, Android ya simu yako vilevile. Kila baada ya muda watengenezaji hutoa toleo jipya, na kila toleo hupewa namba. Namba ndiyo utambulisho rasmi. Jina ni la ziada, na mara nyingi huzaliwa likiwa siri.

Wahandisi wanapotengeneza toleo ambalo halijatangazwa, huhitaji neno la kulitaja ofisini bila kufichua mipango ya kampuni. Kwa hiyo hulibandika jina la mafichoni. Windows 95 iliitwa Chicago kabla ya kuzaliwa, na Windows XP iliitwa Whistler, jina la mji wa Kanada wenye michezo ya theluji. Microsoft, mtengenezaji wa Windows, ilipofika sokoni iliyaacha majina hayo mlangoni. Apple nayo ilianza hivyo hivyo. Cheetah na Puma, yaani matoleo 10.0 na 10.1 ya mwaka 2001, yalikuwa majina ya ndani. Ilikuwa Agosti 2002, kwa toleo 10.2, kampuni ilipoamua kulitoa jina hadharani: Jaguar iliuzwa katika boksi lenye herufi X iliyovikwa manyoya ya madoa. Tangu siku hiyo mnyama akawa sehemu ya bidhaa.

Sababu ya kuchagua wanyama hawa si ngumu kuielewa hapa kwetu. Mwaka 1980, serikali ya Kenya ilipotaka vilabu vya soka viache majina ya kikabila, klabu iliyoanzishwa 1964 kwa jina la Abaluhya iligeuka AFC Leopards, na mashabiki wake hadi leo huiita Ingwe, yaani chui. Simba, chui na duma hubeba nguvu, kasi na hadhi bila maelezo. Mtu asiyeweza kukumbuka kama alinunua 10.4 au 10.5 atakumbuka Tiger. Hapo jina lilifanya kazi yake vizuri: lilimpa mtu wa kawaida neno la kushika.

Lakini tuyapime majina hayo kwa wanyama wenyewe. Cheetah ni duma, mnyama wa nchi kavu anayekimbia kuliko wote. Toleo lililobeba jina lake lilitoka Machi 24, 2001 kwa dola 129, na malalamiko makubwa ya wanunuzi yalikuwa kwamba linakwenda polepole mno. Halikuweza hata kucheza filamu za DVD. Miezi sita baadaye Apple ilitoa Puma ili kuharakisha mambo, na waliokwisha kununua Cheetah wakapewa bure.

Puma ni paka wa bara la Amerika. Jina lake lingine kwa Kiingereza ni Mountain Lion, simba wa milimani, ingawa si simba hata kidogo. Kwa nasaba ni jamaa wa duma, na wote wawili hukoroma kama paka wa nyumbani badala ya kunguruma. Maana yake ni kwamba Apple ilimtumia mnyama yule yule mara mbili, mwaka 2001 na tena 2012.

Panther naye si spishi. Ni chui au jaguar aliyezaliwa na rangi nyeusi kwa sababu ya jeni. Mwanga ukimpiga vizuri, madoa yake huonekana chini ya weusi. Anayetaka ushahidi haendi mbali na Nakuru. Mnamo Februari 2019 zilichapishwa picha za chui mweusi zilizopigwa Laikipia, nazo zikazunguka dunia nzima. Kwa hesabu hiyo, majina tisa ya Apple ni ya spishi saba tu, na katika hizo saba ni tatu zinazoishi Kenya: simba, chui na duma.

Mtu atauliza, kuna ubaya gani jina la kibiashara likikosea biolojia? Hakuna, mradi halimpotoshi mnunuzi. Tatizo ni kwamba lilimpotosha. Chukua Leopard ya Oktoba 2007 na Snow Leopard ya Agosti 2009. Majina yalifananishwa makusudi, kuonyesha kwamba toleo la pili ni lile la kwanza lililopigwa msasa. Bei nayo ilisema hivyo: dola 29 tu badala ya 129. Lakini chini ya jina, pengo lilikuwa kubwa. Leopard ilikubali Mac za zamani zenye prosesa (ubongo wa kompyuta) za PowerPC na pia mpya zenye prosesa za Intel. Snow Leopard ilikubali Intel peke yake. Aliyekuwa na mashine ya PowerPC aliishia pale, na hakuna toleo lililofuata ambalo lingemfaa. Majina mawili yanayofanana yalificha ukuta uliogawa mashine za Apple makundi mawili. Hata porini wanyama hao hawako karibu kama majina yanavyodai: chui wa theluji, anayeishi milima ya Asia, ana undugu wa karibu zaidi na simbamarara kuliko na chui wetu.

Kasoro ya pili ni mpangilio. Kati ya Panther na Tiger, lipi jipya? Hakuna kanuni ya mwituni inayoweza kukujibu. Namba inakujibu mara moja: 10.3 hutangulia 10.4. Jina la Tiger lilileta pia kesi mahakamani. Ilipotoka Aprili 2005, kampuni ya Marekani iliyouza kompyuta kwa jina la TigerDirect ilidai Apple imeingilia jina lake, lakini jaji akakataa kuizuia Apple kuendelea kulitumia.

Kisha wanyama wakaisha. Juni 2013, Craig Federighi wa Apple alipanda jukwaani San Francisco na kutania kwamba paka wamebaki wachache, hata wakafikiria kutumia simba wa baharini. Toleo lililofuata liliitwa Mavericks, kwa jina la mahali penye mawimbi makubwa huko California, na tangu hapo majina ni ya mahali mbalimbali katika jimbo hilo. Mwaka 2025 kampuni ilikubali ukweli kuhusu namba pia: baada ya toleo la 15 iliruka hadi 26, ili namba ifuatane na mwaka.

Walioona mapema umuhimu wa mpangilio ni watu wa Ubuntu, mfumo endeshi wa bure unaotokana na Linux, ulioasisiwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Toleo lao la kwanza, la Oktoba 2004, lilipewa jina la ngiri, na ngiri tunao tele kandokando ya Ziwa Nakuru. Tangu 2006 majina yao hufuata alfabeti: herufi ikisonga mbele, toleo ni jipya zaidi, na walipomaliza Z mwaka 2017 walirudi kwenye A. Wamepita tumbili, wamepita kiboko ambaye Naivasha inamfahamu, wakamfikia tandala, yule mwenye pembe za mzunguko anayeonekana Bogoria. Namba zao ni wazi kuliko za wote. Toleo 24.04 lilitoka mwaka 2024, mwezi wa nne. Hakuna haja ya kumuuliza mtu.

Android nayo ilijaribu majina ya vyakula vitamu kwa miaka kumi. Mwaka 2019 Google iliyaacha hadharani na kubaki na namba, Android 10, kwa sababu majina ya vitamu hivyo hayakueleweka kwa kila mtu duniani.

Mkazo wote huu kuhusu namba una sababu moja: usalama. Toleo la mfumo endeshi huwa na ulinzi mradi mtengenezaji anaendelea kulitumia masasisho yanayoziba mianya ya wadukuzi. Masasisho yakikoma, mashine itaendelea kuwaka, lakini kila mwanya unaogunduliwa hubaki wazi. Hakuna hata mmoja wa wale paka tisa anayepokea masasisho leo. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida Oktoba 14, 2025.

Madhara yake huanza na mambo madogo. Tovuti hujitambulisha kwa kompyuta yako kwa vyeti vya kidijitali, na mfumo endeshi ndio unaotunza orodha ya vyeti vya kuaminiwa. Septemba 30, 2021 cheti kimoja kilichotegemewa na mamilioni ya tovuti kilimaliza muda wake. Mac zenye mfumo wa kabla ya 10.12.1 zikaanza kukataa tovuti halali na kudai si salama. Anayeikuta hali hiyo akiwa Njoro au Molo hudhani intaneti ni mbovu, kumbe mfumo wake ndio umezeeka. Hatari zaidi ni pale anapozoea kupuuza onyo hilo, kisha akaandika nywila ya benki au ya eCitizen mahali ambapo onyo lilikuwa la kweli.

Matatu inaweza kuandikwa jina lolote ubavuni, lakini askari wa trafiki akiisimamisha Gilgil hutaka namba ya usajili na cheti cha ukaguzi. Nunua kompyuta kwa moyo huo huo. Kwenye Mac, bofya alama ya tufaha pembe ya juu kushoto, uchague mstari wa kwanza; namba ya toleo itaonekana. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, uandike winver. Ukishaijua namba, tafuta mambo mawili: kama toleo hilo bado linapata masasisho, na kama mashine yenyewe inaweza kupokea toleo jipya zaidi. La pili ni muhimu kuliko la kwanza, kwa sababu mfumo hubadilishwa, ila prosesa ya laptopu haibadilishwi kirahisi.

Ikiwa tayari una Mac ya Intel iliyoachwa nyuma na masasisho, usiitupe. Nyingi kati ya hizo hukubali Ubuntu, na toleo 24.04 litapata masasisho ya kawaida bila malipo hadi 2029. Fundi anayejua kazi yake ataiweka kwa saa chache. Hakikisha tu umehifadhi mafaili yako kwingine kwanza.

Na kwa anayekwenda dukani wiki hii: usilipe kwa kutajiwa jina. Mwambie muuzaji awashe mashine, fungua ukurasa wa namba mbele yake, usome mwenyewe, kisha mwombe aiandike namba hiyo kwenye risiti. Akikataa, nenda duka la pili.