Megawati si yuniti: uzi wa kusoma kabla ya mdahalo ujao wa stima

1/ Mdahalo ukifika kwa stima, mmoja anasema "tumeongeza megawati", mwingine anajibu "yuniti ni ghali", na watu wanapiga makofi kana kwamba wanaongea kitu kimoja. Si kitu kimoja. Mimi nasoma sayansi ya siasa, si uhandisi, lakini hesabu yenyewe ni kuzidisha na kugawa tu. Twende pole pole.

2/ Wati hupima nguvu, yaani stima inatumika kwa kasi gani sasa hivi. Wati 1,000 ni kilowati 1. Kilowati 1,000 ni megawati 1. Megawati 1,000 ni gigawati 1. Kila ngazi ni sufuri tatu. Ukiruka ngazi moja, umekosea mara elfu.

3/ Yuniti ya tokeni ni kilowati-saa: nguvu ukizidisha na muda. Balbu ya wati 10 inamaliza yuniti 1 kwa saa 100. Shawa ya stima ya wati 5,000 inaimaliza kwa dakika 12. Fikiria mfereji: megawati ni kasi ya maji, yuniti ni mitungi uliyojaza. Kwa hivyo ukisikia "megawati 300 kwa mwaka", jua msemaji amechanganya mambo.

4/ Mfano wa kwetu. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, kule Marsabit, una mitambo 365, kila mmoja kilowati 850. Zidisha: kilowati 310,250, yaani megawati 310 hivi. Hiyo ni pale upepo unavuma vizuri. Upepo ukilala, mitambo ni ile ile lakini yuniti hakuna. Sola ya Garissa ni ya megawati 50, na usiku inatoa sufuri. Uwezo wa mtambo ni jambo moja, stima iliyotoka ni jambo lingine.

5/ Sasa ile ya "megawati moja inatosha nyumba ngapi?" Chukua nyumba ya yuniti 30 kwa mwezi. Mwezi wa siku 30 una saa 720. Gawa: wati 42 hivi kwa wastani. Basi megawati 1 ni nyumba kama 24,000. Lakini shawa 200 zikiwashwa pamoja, megawati hiyo imeisha! Hesabu zote mbili ni sahihi. Mwanasiasa huchagua inayomfaa, na wewe unabaki gizani saa mbili usiku.

6/ Mashinani ahadi huwa ni transfoma. Tuseme mmeletewa ya kVA 50. Kukiwa na mota nyingi, unaweza kupata kilowati 40 hivi. Kisiagi cha nguvu-farasi 20 (kila moja ni wati 746) kinakula karibu kilowati 15. Visiagi viwili, zimeisha 30. Kijiji kizima kinagawana 10. Stima imefika, ndiyo, lakini fundi wa kuchomelea akiwasha mashine taa zinafifia.

7/ Na pesa je? Mitambo ya Turkana ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini laini ya kutoka Loiyangalani hadi Suswa ikawashwa Septemba 2018. Kwa muda huo megawati zilikuwepo, yuniti hazikufika kwa mtu, na bado fidia ililipwa. Ndiyo maana "tumejenga" na "mnapata" ni sentensi mbili tofauti.

8/ Mdahalo ujao, uliza haya manne:
– Ni megawati au ni megawati-saa?
– Ni uwezo wa mtambo au ni stima iliyotoka kweli?
– Nyumba ngapi, kwa wastani au saa ya kilele?
– Laini ya kuisafirisha iko?

Anayejua kazi yake atajibu kwa dakika moja. Anayezunguka mbuyu, umemjua. Kama kuna nambari umesikia jukwaani na haikuingii akilini, weka hapo chini tuipigie hesabu pamoja.